Mzigo wa Mwenzio: Gilaida Moja katika Filamu ya Saving Private Ryan

Filamu ya Saving Private Ryan, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kutolewa mwaka 1998, imehakikiwa mara nyingi, na wahakiki karibu wote huanzia ufuoni Omaha. Si ajabu, kwani dakika zile za mwanzo zinatikisa moyo. Lakini sisi wanafunzi wa fasihi tunafundishwa kwamba ujumbe wa kazi ya sanaa haukai penye kelele nyingi tu. Katika makala haya nitachambua onyesho jingine, fupi, lisilo na mapigano: onyesho la rubani wa gilaida. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo filamu inapouliza swali lake kuu kwa uwazi kuliko mahali pengine popote, na hapo hapo ndipo inapoanza kulikwepa jibu.

Nianze na chombo chenyewe, kwa kuwa asiyekifahamu hataona kwa nini rubani yule analalamika. Gilaida ni ndege isiyo na injini. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia majeshi yalizitumia kushusha askari, magari na silaha nyuma ya adui, bila mngurumo. Gilaida iliyotumiwa zaidi na Wamarekani ni Waco CG-4A. Mifupa yake ilikuwa mabomba ya chuma, ngozi yake kitambaa, na sakafu yake plaiwudi. Mabawa yake yalifika mita 25 hivi kutoka ncha hadi ncha. Ilibeba askari 13 pamoja na marubani 2, au jipu moja na watu wachache. Ziliundwa zaidi ya 13,000, nyingine katika viwanda ambavyo kabla ya vita havikuwa na habari na ndege. Kampuni ya piano ya Steinway, kwa mfano, ilitengeneza sehemu za mabawa.

Gilaida ilivutwa na ndege ya Dakota kwa kamba ndefu ya nailoni. Ikikaribia mahali pa kutua, rubani wake hufyatua kamba, na tangu hapo hana njia ya kurudi juu. Rubani wa ndege yenye injini akiona amekosea anaweza kuongeza kasi, apae tena, azunguke na kujaribu mara ya pili. Rubani wa gilaida hana mara ya pili. Ndiyo maana uzito ni jambo la kufa na kupona. Gilaida iliyozidishiwa mzigo hulazimika kwenda mbio zaidi ili ibaki hewani, na ikigusa ardhi hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kusimama. Kama mbele kuna miti, mwisho wake unajulikana.

Sasa tuje kwenye onyesho. Kapteni Miller, anayeigizwa na Tom Hanks, ametumwa na askari 7 kumtafuta askari mmoja wa miavuli, James Ryan, ambaye ndugu zake watatu wameuawa, ili arudishwe kwa mama yake. Walianza wakiwa 8, na mmoja wao, Caparzo, ameshakufa njiani. Wanafika mahali palipokusanyika majeruhi na askari waliopotezana na vikosi vyao, karibu na mabaki ya gilaida. Rubani wake, luteni anayeigizwa na Leland Orser, anasimulia yaliyompata. Alimbeba Brigedia Jenerali Amend, naibu kamanda wa Divisheni ya 101. Kuna mtu aliyeona ni busara kuchomelea mabamba ya chuma sakafuni ili risasi za kutoka chini zisimpate jenerali. Rubani hakupewa taarifa mapema, na alipobaki peke yake hewani akakuta chombo hakishikiki. Jenerali amekufa. Idadi ya waliokufa anayoitaja rubani ni 22. Watu wa Miller wanapoisikia wanaelewa mara moja kwamba wanasimuliwa habari zao wenyewe.

Hapa Uganda wengi wetu tumeiona filamu hii katika vibanda vya video, ikitafsiriwa papo kwa papo na msimulizi kwa Kiluganda. Humo onyesho hili ndilo ambalo watu hutoka nje kununua karanga, kwa sababu hakuna bunduki inayolia. Nawaelewa. Lakini kwa upande wa fani, filamu nzima imeegemea hapa. Hii ni hadithi ndani ya hadithi. Hadithi kubwa inasema watu 8 wametumwa wahatarishe roho zao kwa ajili ya mmoja. Hadithi ndogo inasema watu 22 wamekufa kwa sababu ya kinga ya mmoja. Ile kubwa bado haijafika mwisho, ile ndogo imeshafika. Rubani anasimama mbele ya kundi la Miller kama mtu aliyetangulia njia ileile akarudi kuwaambia inakoishia.

Kuna pia ishara ya chuma, ambayo sijaona ikizungumzwa. Baada ya masimulizi ya mabamba, watu wa Miller wanapewa mfuko uliojaa vibati vya utambulisho, vile ambavyo askari huvaa shingoni, vilivyovuliwa kwa wenzao waliokufa. Wanavipekua wakitafuta jina la Ryan, na baada ya muda wanavipitisha mikononi kwa utani kama wacheza karata, huku askari wa miavuli waliobaki hai wakipita na kuwatazama. Mganga wa kikosi, Wade, ndiye anayewakatiza kwa hasira. Kwa hiyo katika onyesho moja tuna vipande viwili vya madini. Bamba la kumkinga mkubwa lilikuwa zito hata likaangusha gilaida. Vibati vya wadogo ni vyepesi hata vikachezewa. Kiswahili kina methali inayotosha kufafanua jambo hili: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeamuru mzigo ubebwe hauhisi uzito wake, na anayehesabu maiti za wengine mkono wake hauelemewi.

Mpaka hapa naisifu filamu. Lakini kisa cha jenerali hakikubuniwa chote. Alfajiri ya tarehe 6 Juni 1944, kabla ya mapambazuko, gilaida 52 za Waco zilipelekwa Normandy kuisaidia Divisheni ya 101. Moja ilikuwa na Brigedia Jenerali Don Pratt, naibu kamanda wa divisheni hiyo, na iliongezewa chuma ili kumkinga. Rubani alikuwa Luteni Kanali Mike Murphy, na rubani msaidizi Luteni John Butler. Jenerali aliketi ndani ya jipu lililofungwa humo, na nyuma yake alikuwako msaidizi wake. Gilaida ilitua karibu na kijiji cha Hiesville, ikateleza juu ya nyasi zenye umande, breki zisishike, ikajibamiza kwenye ugo wa miti mikubwa ya aina inayozunguka mashamba ya Normandy. Pratt alivunjika shingo akafa. Butler akafa. Murphy alivunjika miguu lakini akapona, na msaidizi wa jenerali pia akapona.

Watu wanne, wakafa wawili. Filamu imefanya 22. Hesabu hiyo haiingii hata katika Waco yenyewe, ambayo ikijaa kabisa ina watu 15. Najua jibu la haraka: filamu si kitabu cha historia, na msanii ana haki ya kubuni. Nakubali. Mhakiki hapaswi kumkamata msanii kwa kosa la tarakimu. Anachopaswa kuuliza ni mabadiliko hayo yamefanya kazi gani katika maudhui.

Jibu langu ni kwamba yamerahisisha swali. Mtu akiambiwa 22 wamekufa kwa ajili ya mmoja, hahitaji kufikiri, anakasirika tu. Kisa cha kweli kinasumbua zaidi. Chuma kilichowekwa kumlinda Pratt kilishiriki kumuua Pratt mwenyewe, pamoja na kijana aliyekaa mbele yake akisaidia kuongoza. Huwezi kupata faraja kwa kutoa na kujumlisha. Unabaki na swali gumu: je, ulinzi unaompa mtu mmoja uzito usiobebwa na chombo cha wote ni ulinzi kweli? Filamu ilikuwa na swali hilo mkononi ikalibadilisha na hesabu.

Jambo la pili ni lawama. Rubani wa filamu anamtupia lawama mtu asiyetajwa, anayemwita kwa kejeli kana kwamba ni mjuzi mkubwa. Mtazamaji anatoka na picha ya mjinga mmoja aliyeharibu mpango mzuri. Historia ya gilaida haikubaliani na picha hiyo. Usiku wa tarehe 9 Julai 1943, Waingereza walipopeleka gilaida 144 Sicily, upepo ulikuwa mkali, na nyingi zilikatishwa kamba mbali mno na nchi kavu. Zaidi ya 60 zilianguka baharini na askari zaidi ya 200 wakafa maji. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Agosti, Waco mpya ilirushwa mbele ya umati mjini St. Louis, Marekani, ili wananchi wajionee kazi ya kiwanda cha mji wao. Kifaa kimoja cha kushikilia bawa kilikuwa kibovu. Bawa lilikatika hewani, na watu wote 10 waliokuwamo wakafa, akiwemo meya wa mji, William Dee Becker.

Mfano wa tatu unatugusa Waafrika zaidi. Tarehe 5 Machi 1944 gilaida za aina hiyohiyo ya Waco zilivutwa usiku juu ya milima kuelekea Burma, katika mpango wa Jenerali Orde Wingate wa kuwapiga Wajapani kutoka nyuma. Zilijazwa kupita kiasi, na kila Dakota ilivuta mbili badala ya moja. Kamba nyingine zilikatika njiani. Zilizofika katika uwanda uliopewa jina la Broadway zilikutana na magogo na mitaro iliyofichwa na nyasi, na zilizofuata zikagonga zilizotangulia kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzisimamisha. Zaidi ya watu 20 walikufa usiku ule. Hata hivyo waliosalia walitengeneza uwanja, na kesho yake jioni Dakota zikaanza kutua. Katika siku zilizofuata maelfu ya askari waliingizwa Burma kwa njia hiyo. Uwanja mwingine, Aberdeen, ulifunguliwa na gilaida zilizoleta wahandisi na mashine zao, na kupitia huo ikaingia Brigedi ya 3 ya Afrika Magharibi. Baadaye mwaka huohuo wakafuata askari wa KAR kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, wakipigana kwa miguu katika bonde la Kabaw.

Nimetaja mifano hii kwa sababu moja. Sicily, St. Louis na Burma zinaonyesha kwamba kuzidisha mzigo, kukata kamba mapema na kuunda kwa haraka havikuwa vituko vya mjinga mmoja. Mara nyingi gilaida ilitumika mara moja na kuachwa shambani. Watu waliomo walihesabiwa kama sehemu ya mzigo, na hasara ilikubaliwa kabla ya safari. Huko Burma wakubwa waliona bei ile inalipika, na pengine walikuwa sahihi. Lakini ilikuwa bei, na iliamuliwa na watu waliojua wanachokifanya. Filamu inapomtupia lawama mtu mmoja asiye na jina, inawasafisha wenye majina.

Hapo ndipo tunapofika kwa Jenerali Marshall. Mapema katika filamu tunaona ofisi mjini Washington ambako barua za rambirambi zinapigwa chapa. Inagundulika kwamba tatu zinakwenda kwa mama mmoja. Afisa mmoja anaeleza kwamba kutuma watu katikati ya mapigano kumtafuta mwana wa nne ni kuwatafutia kifo. Marshall anasoma barua ya zamani inayonasibishwa na Lincoln, iliyoandikwa kwa mama aliyefiwa na wanawe vitani, kisha anaamuru Ryan atafutwe. Onyesho hili limepambwa kwa heshima kubwa: sauti za chini, mwanga laini, maafisa kimya kama waumini. Nauliza: kuna tofauti gani kati ya amri hii na ile ya mabamba? Zote zinatoka kwa mtu aliye mbali. Zote zina nia njema. Zote zinaongeza uzito juu ya chombo ambacho mtoa amri hayumo ndani yake. Na wanaobeba hawakuulizwa.

Hapa tena historia inatusaidia kuona mkono wa msanii. Kisa cha Ryan kimetokana na kisa cha Fritz Niland, askari wa Divisheni hiyohiyo ya 101, ambaye ndugu zake watatu iliaminika wamekufa. Padri wa jeshi, Francis Sampson, ndiye aliyemfuatilia, akarudishwa nyumbani. Hapakuwa na kundi lililoteketea likimtafuta. Na mmoja wa wale ndugu, Edward, alikuwa mateka wa Wajapani huko Burma, akarudi akiwa hai. Kwa hiyo mwandishi wa filamu, Robert Rodat, na Spielberg wamepandisha bei mara mbili: katika gilaida, kutoka wawili hadi 22, katika msako, kutoka sifuri hadi 6, maana katika wale 8 wanaobaki hai ni Reiben na Upham tu. Bei zote mbili zimepandishwa kwa makusudi, lakini ya kwanza imeitwa upumbavu na ya pili imeitwa utukufu.

Ninatarajia pingamizi. Mwenzangu atasema jenerali na mama mfiwa si sawa: mabamba yalimpendelea mwenye cheo, msako ulimhurumia mnyonge. Pingamizi hili lina nguvu, na mimi pia huruma yangu iko kwa yule mama. Lakini huruma haipunguzi uzito. Caparzo na Wade nao walikuwa na mama zao. Filamu inalijua jambo hili, na ndiyo maana imempa Reiben kinywa cha kuuliza hesabu hiyo waziwazi. Tatizo ni kwamba kila Reiben anapouliza, jibu halitoki kwa aliyeamuru. Linatoka kwa Miller, mwalimu wa shule aliyevaa sare, ambaye naye amebebeshwa tu.

Mwisho wa filamu unaimaliza safari hiyo ya kukwepa. Miller anapokufa anamwachia Ryan agizo kwamba aishi maisha yanayostahili gharama ile. Miaka mingi baadaye Ryan mzee anasimama makaburini na kumwomba mke wake amhakikishie kwamba amekuwa mtu mwema. Watazamaji hulia hapo, na mimi sikusalimika. Lakini tazama mzigo umetua wapi. Marshall hayuko. Aliyeamuru mabamba hayuko. Mzigo wote umewekwa begani mwa kijana ambaye hakuomba kutafutwa, na ambaye alipopatikana alikataa kuwaacha wenzake. Ameubeba miaka hamsini mzigo ambao hakuupakia.

Je, basi filamu hii ni mbovu? Hapana. Kazi mbovu haiwezi kuwa na onyesho kama lile la rubani. Ninachosema ni kwamba onyesho lile lina ukweli mwingi kuliko filamu inayolizunguka. Kwa dakika chache mtu wa kawaida, aliyekabidhiwa chombo cha mabomba na kitambaa, anasema kwamba amri za juu zina uzito na kwamba uzito huo una wa kuubeba. Filamu ingemsikiliza mpaka mwisho, ingelazimika kurudi Washington na kumuuliza Marshall swali lilelile.

Nawapendekezea wenzangu waitazame tena, na safari hii wasitoke nje wakati wa onyesho la gilaida. Wahesabu mabamba na vibati. Kisha wajiulize swali ambalo sisi wahakiki wa Kiswahili tunapaswa kuliuliza katika kila kazi ya vita, iwe riwaya, tamthilia au filamu: nani amepakia, nani amebeba, na kazi hii inamtazama nani? Waco halisi ya tarehe 6 Juni ilikuwa na jenerali mmoja, na kila kitabu cha historia ya siku ile kinamtaja. Luteni John Butler, aliyekufa mbele yake, hutajwa kwa nadra. Rubani wa Spielberg alikuwa karibu sana kutuambia habari zake.